Nani anailipa zahanati, na anailipia nini?

Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na miezi michache baadaye kulifunga kabisa shirika lake la USAID, serikali nyingi za Afrika zililazimika kupiga hesabu upya. Nani sasa atalipia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, nani atawalipa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, nani atasafirisha sampuli kutoka zahanati ya kijijini hadi maabara ya mkoa? Tangu hapo sekta binafsi haikosekani katika hotuba yoyote ya afya. Wapo wanaoisubiri kama mkombozi, na wapo wanaoiogopa kwa kuamini kwamba tiba ya maskini inapelekwa mnadani. Pande zote mbili zinabishana juu ya mwenye jengo, wakati swali linaloamua mambo liko kwingine: nani anailipa zahanati, na anailipia nini? Fedha ya mtu binafsi hufuata namna inavyorudi. Zahanati inayoishi kwa shilingi ya mgonjwa anayelipa dirishani itakuwa na tabia moja; zahanati hiyohiyo, ikilipwa kwa wakati na mfuko wa umma ili iwatunze watu wa eneo lake, itakuwa na tabia nyingine kabisa. Kwa hiyo serikali inayotaka mtaji binafsi uimarishe afya ya msingi ina kazi ya kufanya kabla ya kuwakaribisha wawekezaji, nayo ni kuwa mnunuzi mzuri wa huduma. Kwa sasa, katika eneo letu hili, ni mnunuzi dhaifu.

Tuanze na historia, kwa sababu Tanzania imewahi kujaribu njia zote mbili. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku tiba ya biashara, ikabakiza hospitali za serikali pamoja na za mashirika ya dini na mengine yaliyoidhinishwa. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa na mlango ukafunguliwa tena. Mtaji ulipoingia ulikwenda wapi? Ulikwenda Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwenye makao makuu ya mikoa, mahali ambapo watu wana mshahara au biashara na wanaweza kutoa fedha taslimu. Kijijini, sekta binafsi ilibaki na sura moja tu, yaani duka la dawa baridi, ambalo kisheria liliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari, lakini kwa vitendo liliuza karibu kila kitu, antibayotiki zikiwemo, mara nyingi kwa mkono wa mtu asiyefundishwa. Mama mwenye mtoto mwenye homa hakuwa na muda wa kujiuliza kama duka lile ni la sera ipi. Lilikuwa karibu, lilikuwa wazi jioni, na zahanati ya serikali ilikuwa imeishiwa dawa. Ndiyo maana mjadala wa kama sekta binafsi iingie katika afya ya msingi umechelewa sana. Imo ndani siku nyingi, na mahali pengi iliingia bila mtu yeyote kuiwekea masharti.

Masharti yalipokuja, yalileta tofauti. Mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati ule ilianza majaribio mkoani Ruvuma ya kuyageuza maduka ya dawa baridi kuwa Maduka ya Dawa Muhimu. Mpango wenyewe ulikuwa wa nipe nikupe. Mwenye duka alitakiwa kutoa fedha yake mwenyewe kutengeneza dari, sakafu na rafu zinazofungwa, kuweka daftari la mauzo, na kumwajiri muuzaji aliyepitia mafunzo maalumu ya dawa, wengi wao wakiwa wauguzi wasaidizi. Serikali kwa upande wake ilitoa kitu kimoja ambacho mwenye duka alikitamani na hakuweza kukipata kwingine: ruhusa halali ya kuuza orodha fupi ya dawa za cheti, zikiwemo baadhi ya antibayotiki, pamoja na kibao na usimamizi uliolifanya duka lake liaminike. Serikali haikujenga duka hata moja, lakini ilibadilisha biashara nzima, na mpango huo ukaenea hadi kufika mikoa yote ya Tanzania Bara. Uhuru wa biashara ulikuwapo kabla, na matokeo yake yalikuwa dawa zisizojulikana zilikotoka. Kilichoongezeka Ruvuma ni mkono wa serikali uliojua unataka nini na uko tayari kutoa nini ili ukipate.

Hata hivyo, Duka la Dawa Muhimu lina kikomo chake, na kikomo hicho ndicho kiini cha suala zima. Duka linaingiza fedha linapouza kidonge. Muuzaji aliyefundishwa vizuri anajua kwamba mtoto mwenye mafua na kikohozi chepesi, anayepumua kawaida na kunyonya vizuri, hahitaji antibayotiki. Anahitaji vimiminika vya kutosha, labda paracetamol ya kushusha homa, na mama anahitaji kuelezwa dalili za hatari: mtoto akianza kupumua haraka, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, akikataa kunyonya, apelekwe kituoni bila kuchelewa. Maelezo hayo yanachukua dakika kumi, na ndiyo tiba sahihi. Lakini hayana bei. Mama akiondoka na ushauri tu, duka halijauza, na huenda yeye mwenyewe akaona hajahudumiwa. Akiondoka na chupa ya amoksilini, duka limeuza na mama ameridhika, ingawa mtoto amemeza dawa asiyoihitaji na vijidudu vya mtaa mzima vimepata nafasi moja zaidi ya kuizoea. Sogea sasa hadi zahanati binafsi yenye maabara ndogo na utaona hesabu ileile kwa kiwango kikubwa zaidi. Kumwona daktari kunaingiza kidogo, kipimo kinaingiza zaidi, sindano na dripu zaidi ya hapo. Ndiyo maana watu wengi mijini wameshazoea kuingia na uchovu na kutoka na majibu mawili kwa mpigo, taifodi na UTI, na bahasha ya dawa kwa kila moja.

Hili limepimwa kisayansi. Watafiti waliochapisha matokeo yao katika jarida la Lancet Global Health mwaka 2021 waliwatuma watu waliofundishwa kuigiza ugonjwa katika vituo zaidi ya 200 vya Tanzania, vya watu binafsi na vya mashirika ya dini. Watoa huduma hawakujua nani ni mgonjwa wa kweli na nani ni wa utafiti. Ni kama robo tu ya ziara hizo zilizoishia katika tiba iliyo sahihi, na wengi mno wa wagonjwa hao wa kuigiza walipewa vipimo au dawa wasizozihitaji. Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo kila mwenye kuhubiri uwekezaji anapaswa kulitafakari. Sehemu ya vituo hivyo ilikuwa imeingizwa katika mpango unaosifika wa kupanda ngazi za ubora, wenye ukaguzi, ushauri wa kitaalamu na fursa ya mkopo wa kuboresha kituo. Walipolinganishwa na vituo ambavyo havikupata msaada huo, tiba waliyopewa wagonjwa haikuwa bora zaidi. Nadhani sababu yake haiko mbali. Mkopo na cheti vinaweza kununua friji, vigae, jenereta na utaratibu mzuri wa kutupa taka, na vyote hivyo vina faida. Haviwezi kumfanya mwenye kituo aache kuuza kile anacholipwa kwa kukiuza.

Upande wa kinga ni mgumu zaidi. Chanjo, kliniki ya wajawazito, kupima shinikizo la damu kwa mtu ambaye hajisikii mgonjwa, kumfuatilia mwenye kifua kikuu hadi amalize dozi, haya ndiyo afya ya msingi hasa, tangu Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 hadi leo. Karibu hakuna hata moja ambalo mtu atatoa fedha mfukoni kulinunua kwa kiwango ambacho jamii inakihitaji. Zahanati binafsi inayokubali kutoa chanjo hupata chanjo zenyewe bure kupitia halmashauri na inatakiwa kuzitoa bure. Hilo ni sahihi kabisa. Lakini chumba, muuguzi, umeme wa friji na muda wa kuandika kadi vinabaki juu yake. Zahanati inayofanya hivyo inafanya kwa moyo wa mwenye zahanati, au kwa matumaini kwamba mama atarudi siku mtoto akiugua. Huduma ya taifa haiwezi kutegemea moyo wa mtu. Ikiwa tunataka mtaji binafsi ufanye kazi za kinga, lazima awepo anayezilipia, na huyo hawezi kuwa mwingine ila mfuko wa pamoja.

Je, kubadilisha namna ya kulipa kunabadilisha kweli kinachofanyika ndani ya kituo? Mkoa wa Pwani ulitoa sehemu ya jibu. Mwaka 2011 serikali ilianza huko majaribio ya kuvilipa vituo bakshishi kwa kufikia malengo ya afya ya mama na mtoto. Tathmini iliyofanywa na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na washirika wake ilionyesha kwamba wanawake waliojifungulia vituoni waliongezeka kwa takribani pointi 8 za asilimia zaidi ya wilaya za kulinganishia, na wajawazito waliopewa dawa za kinga ya malaria waliongezeka pia. Huduma nyingine hazikusogea. Siyo muujiza, lakini inatosha kuonyesha kwamba mganga mfawidhi na wauguzi wake husikia lugha ya malipo hata wakiwa watumishi wa serikali. Kwa mwenye kituo binafsi, ambaye kodi ya jengo inamsubiri mwisho wa mwezi, lugha hiyo husikika kwa sauti kubwa zaidi.

Rwanda ilikwenda hatua ya mbele, na mfano wake unatugusa kwa karibu kuliko ule wa nchi tajiri. Kuanzia mwaka 2012, kupitia ubia ulioitwa One Family Health, wauguzi walipewa nafasi ya kuendesha vituo vidogo vya afya vijijini kama biashara yao wenyewe. Mamlaka za mahali zilisaidia kupata jengo, muuguzi akakopa mtaji wa kuanzia, akapewa mafunzo na utaratibu mmoja wa kuendesha kituo, na wateja wake wengi walikuwa wanachama wa bima ya jamii, ile ambayo tangu mwaka 2015 inasimamiwa na mfuko wa hifadhi ya jamii wa nchi hiyo. Tazama kilichomfanya muuguzi athubutu kukopa ili akatibu katika kijiji cha wakulima wasio na fedha taslimu. Karibu kila mwanakijiji alikuwa na bima, kwa hiyo kila aliyeingia mlangoni alikuwa na mlipaji nyuma yake. Tazama pia kilichowatesa wauguzi hao. Bima ilipochelewa kulipa madai, dawa ziliisha rafuni, wagonjwa wakarudi kutembea hadi kituo cha mbali, na mkopo ukaendelea kudai riba. Mtaji uliletwa kijijini na bima, na ukadhoofishwa na bima hiyohiyo kwa kuchelewa kwake.

Nyumbani kwetu tunao mfano mzuri ambao hauzungumzwi vya kutosha. Kwa miaka mingi zahanati iliyopeleka oda yake Bohari ya Dawa iliweza kurudishiwa karatasi inayosema baadhi ya dawa hazipo. Hapo mganga mfawidhi alibaki na fedha kidogo za uchangiaji ambazo alitakiwa kuzitumia kwa manunuzi ya dharura, kila kituo kikihangaika peke yake, kwa bei ya rejareja na kwa muuzaji yeyote. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma ulianza mfumo wa Jazia, ambapo halmashauri zote za mkoa zinaunganisha mahitaji yao na kuingia mkataba na mshitiri mmoja, yaani muuzaji wa jumla binafsi aliyepatikana kwa zabuni, mwenye bei zilizokubaliwa mapema na wajibu wa kufikisha mzigo kwa muda maalumu. Bohari inabaki kuwa chanzo cha kwanza. Ikikosa, oda inakwenda kwa mshitiri. Kufikia mwaka 2018 mfumo huo ulikuwa umetandazwa katika mikoa yote ya Tanzania Bara. Hakuna jengo lililobinafsishwa na hakuna mgonjwa aliyeongezewa ada. Mfanyabiashara yuleyule ambaye zamani aliuza kwa bei aipendayo sasa anauza kwa bei ya mkataba, naye anaridhika kwa sababu oda ni kubwa na mteja anajulikana. Wanunuzi wadogo waliungana wakawa mnunuzi mmoja mwenye nguvu, basi.

Mnunuzi dhaifu anaonekanaje? Lesotho itujibu. Mwaka 2008 serikali ya nchi hiyo, kwa ushauri wa shirika la Benki ya Dunia linaloshughulikia sekta binafsi, ilisaini mkataba wa miaka 18 na kampuni ya Tsepong, iliyoongozwa na Netcare ya Afrika Kusini, kujenga na kuendesha hospitali ya Queen Mamohato mjini Maseru pamoja na kliniki kadhaa. Hospitali ilifunguliwa mwaka 2011 na, kwa haki yote, tiba yake ilikuwa bora kuliko ya hospitali kongwe iliyoitangulia. Vifo vya wagonjwa waliolazwa vilipungua sana. Lakini malipo yalipanda kuliko ilivyokadiriwa. Mwaka 2014 Oxfam ilidai kwamba yanameza zaidi ya nusu ya bajeti ya afya. Benki ya Dunia ilizipinga hesabu hizo, lakini hata wakosoaji wa Oxfam hawakusema kwamba mzigo ni mwepesi, na mwaka 2021 mkataba ulivunjwa na serikali ikaichukua hospitali. Kenya nayo, mwaka 2015, iliingia mikataba ya kukodi vifaa vya kisasa vya hospitali kwa ajili ya kaunti zote, mpango wa shilingi za Kenya bilioni 38. Uchunguzi wa Seneti ulikuta baadhi ya mashine zimekaa bila kazi kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Katika visa vyote viwili serikali ilinunua kitu kinachoonekana, yaani jengo na mashine, ikajifunga kulipa kwa miaka mingi, na ikasahau kuuliza ni afya kiasi gani itapatikana kwa kila shilingi. Maseru ilipata hospitali nzuri huku kliniki za milimani zikigombea kilichobaki.

Kwetu udhaifu una sura nyingine. Machi 2024 wamiliki wa hospitali binafsi walitangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, wakipinga kitita kipya cha mafao ambacho, kwa maelezo yao, bei zake hazifikii gharama. Mfuko ulijibu kwamba bei za zamani zilikuwa hazibebeki. Kila upande ulikuwa na hoja, na mgonjwa mwenye kadi alisimama katikati. Jirani zetu Wakenya wameonja zaidi: mfuko wao wa zamani wa bima ulipofungwa Oktoba 2024 na nafasi yake kuchukuliwa na mamlaka mpya, uliacha madeni ya mabilioni kwa hospitali, na vituo vidogo vya binafsi vikawa miongoni mwa waliolia zaidi. Jambo la kuzingatia ni nani anayeweza kuvumilia mlipaji anayechelewa miezi minne au sita. Hospitali kubwa ya mjini ina akiba, ina benki inayoiamini, ina wateja wa fedha taslimu wa kuziba pengo. Zahanati ya watumishi watano nje ya mji haina kimojawapo. Ikicheleweshewa malipo, inapunguza dawa, kisha mtumishi mmoja, kisha inafunga, au inaacha kabisa kupokea kadi za bima na kurudi kwenye fedha taslimu, pamoja na tabia zote za fedha taslimu nilizozieleza. Malipo ya kuchelewa basi yanachuja wawekezaji, na yanawaondoa walewale ambao afya ya msingi inawahitaji.

Kuna pingamizi zito ambalo haliwezi kupuuzwa. Wapo wanaosema afya ni haki, na fedha yote inayokwenda kwa mfanyabiashara ingetosha kuimarisha zahanati za serikali. Wana ushahidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16, na wanawake wanaojifungulia katika vituo walifikia asilimia 81 kutoka 63. Sehemu kubwa ya mafanikio hayo imetokana na fedha ya umma: vituo vya afya vilivyojengwa kwenye kata, vyumba vya upasuaji, wakunga walioajiriwa. Nakubali, tena bila kusita, kwamba palipo na zahanati ya serikali inayofanya kazi, mfuko wa umma haupaswi kumlipa mtu binafsi afungue nyingine mlango wa pili. Lakini mpango wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, uliotangazwa mwaka 2007 ukamalizika kwa ratiba yake mwaka 2017, haujatimia hadi leo, na katika vitongoji vya Dar es Salaam na Mwanza watu wanaongezeka haraka kuliko majengo ya halmashauri. Pia hofu kwamba vituo binafsi vitawanyang'anya wauguzi serikalini ingekuwa na nguvu kama wauguzi wangekuwa haba sokoni. Leo tuna wahitimu wengi wa vyuo vya afya wanaosubiri ajira mwaka baada ya mwaka, huku vituo vikilalamikia uhaba. Kilichokosekana ni fedha ya kuwalipa. Haki ya mtoto kupata chanjo haipungui kwa sababu anayemchoma sindano analipwa kwa mkataba badala ya mshahara. Inapungua pale ambapo hakuna anayemchoma.

Kutoka upande wa pili, wawekezaji wanasema bei za bima hazilipi na ukaguzi unawachosha. Juu ya ukaguzi sina huruma sana, kwa sababu ya ile robo ya wagonjwa wa kuigiza. Juu ya bei wana haki ya kusikilizwa. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa umekuwa ukitoza kaya ya watu sita, katika mikoa mingi, shilingi 30,000 kwa mwaka. Gawanya, utapata shilingi 5,000 kwa mtu mmoja kwa miezi kumi na miwili. Hakuna muuguzi atakayekopa benki akajenga zahanati Kibondo au Liwale kwa matumaini ya sehemu yake katika shilingi hizo. Mtu wa kipato cha chini hawezi kuongeza, kwa hiyo tofauti lazima itoke kwenye kodi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 ililiona hilo, ikaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo na kutaja ushuru wa bidhaa kama vinywaji na vipodozi miongoni mwa vyanzo vyake. Fedha hiyo ikifika inakotakiwa, bei ya huduma katika wilaya ya pembezoni ni lazima iwe juu kuliko ya Kinondoni, kwa kuwa gharama ya kumpata na kumbakiza mtumishi huko iko juu. Bei moja kwa nchi nzima inaonekana ya haki kwenye karatasi, ilhali inamwambia mwekezaji abaki mjini.

Linabaki pingamizi la mwisho, nalo ndilo gumu kwangu: serikali isiyolipa kwa wakati leo italipaje kesho, na itazuiaje madai hewa? Jibu langu ni kwamba tayari inafanya hivyo mahali pengine. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinatumwa moja kwa moja katika akaunti ya kila zahanati ya umma, bila kupitia mezani kwa watu wa wilaya. Katika mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kutangazwa kuwa wa taifa zima mwaka 2022, muuguzi akipiga 115 kwa ajili ya mjamzito mwenye dharura na gari la wagonjwa likawa halipo, kituo cha uratibu kinamtafuta dereva wa kijijini aliyesajiliwa, na dereva huyo analipwa kwa simu safari inapofanyika. Mwenye gari dogo kijijini anakubali kuamka usiku wa manane kwa sababu anajua fedha itaingia. Mbona basi zahanati inayomhudumia mama huyo miezi tisa isubiri robo mwaka mzima? Ama kuhusu madai hewa, sehemu ya tatizo inatokana na kulipa kwa kila kipimo na kila kidonge, jambo linalozalisha maelfu ya fomu zisizokagulika. Kulipa kiasi maalumu kwa kila mtu aliyejiandikisha katika kituo kunaondoa fomu nyingi, ingawa kunaleta hatari yake, kwamba kituo kitachukua fedha na kuwapunja watu huduma. Kwa hiyo kiasi hicho kiambatane na malipo ya ziada kwa mambo yanayohesabika, kama mtoto aliyekamilisha chanjo, mjamzito aliyehudhuria kliniki inavyotakiwa, mwenye shinikizo la damu ambaye vipimo vyake vimetulia, pamoja na wagonjwa wa kuigiza wanaotumwa bila taarifa. Mbinu iliyowafichulia watafiti ukweli inaweza kutumiwa na mkaguzi.

Mahali pa kuanzia ni katika kanuni na mikataba ya sheria ile ya 2023, wala hapahitaji mabilioni mapya ya wafadhili. Mkataba wa bima na zahanati utaje idadi ya siku za kulipa madai yasiyo na dosari, na riba itakayoanza kuhesabiwa siku ya kwanza ya kuchelewa, kama ambavyo Mamlaka ya Mapato humtoza riba mlipakodi aliyechelewa. Mfuko utangaze kila mwezi, kwa kila mkoa, umelipa madai ya kiasi gani na yaliyobaki yana umri gani. Halmashauri ziorodheshe kata ambazo hazina huduma na hazitajengewa katika bajeti ya miaka mitatu ijayo, kisha ziziweke kata hizo wazi kwa muuguzi, tabibu, shirika la dini au kampuni yoyote itakayokubali bei, masharti na ukaguzi. Benki zitakazoombwa mkopo na watu hao zitataka kuona karatasi moja kabla ya hati ya nyumba: taarifa ya mwaka mzima inayoonyesha kwamba bima ililipa tarehe iliyoahidi.